Mkahawa Hutazamwa Kisogoni

Mtaani kwao wanamwita Karani, na jina hilo alijipa mwenyewe. Ujanani alifanya kazi kwenye mji mkubwa, katika kampuni ya Wachina, asemavyo, akishika kalamu asubuhi hadi jioni, na kila mchana akila chakula cha Kichina mkahawani. Iwe harusini au msibani, lazima akueleze tambi zinavyovutwa kwa mkono na vijiti vinavyoshikwa. Watu walimsikiliza, na mkewe alimsikiliza kuliko wote.

Sasa wazee hao wawili walikuwa mjini humo kumwona mjukuu. Kesho yake wangeondoka, na mama watoto, ambaye si mtu wa kuombaomba, akasema ana haja moja tu: apelekwe akale pale mumewe alipokuwa akila. Karani akatokwa na kijasho chembamba. Akasema mkahawa ule ulishavunjwa, na hilo lilikuwa kweli. Basi tafuta mwingine kama ule, akajibiwa, mzuri na usiotukamua.

Afanyeje, maskini? Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa imemfikisha uzeeni. Maana bwana huyu hakuwahi kushika kalamu ya mtu. Alikuwa mwosha vyombo. Chakula cha Kichina alikila kweli, tena kila siku, ila alikila kwa kusimama kando ya beseni, wateja wakishaondoka. Na si kicheko cha walimwengu alichokiogopa. Aliogopa yule mwanamke mmoja, mkewe, asije akamtazama kama mtu asiyemjua.

Wakatoka. Mkahawa wa kwanza ulikuwa na taa nyekundu, samaki hai kwenye tangi la kioo, na bei za kumtoa mtu roho. Wa pili ulikuwa na picha za vyakula mlangoni, zimepauka kwa jua. Karani alizunguka nyuma, akarudi akitikisa kichwa: mboga za juzi, mafuta meusi tii. Wa tatu vivyo hivyo: akamwacha mkewe mbele, akaenda uani kunusa na kuchungulia masanduku, akarudi na hukumu yake. Ndipo mama watoto akauliza, kwa upole tu, mbona kila mkahawa anautazama kisogoni. Karani akacheka kicheko cha mtu aliyekalia mwiba, akasema hiyo ndiyo siri ya wenyeji.

Wa nne ulijificha nyuma ya maduka ya vitambaa: meza chache za mbao, bei zimeandikwa kwa mkono ukutani. Uani kwake kulikuwa na tangawizi mbichi, kabichi zenye udongo bado, na mpishi akisugua karai lake mwenyewe. Hapa, Karani akasema, hapa hatutajuta.

Na kweli hawakujuta. Walikula tambi kwenye mchuzi wa moto, biringanya za kitunguu saumu, na vifuko vya unga vyenye nyama ndani. Mama watoto alishindwa na vijiti, akaomba kijiko, akala bila haya, akasema sasa ameelewa kwa nini mwenzake hachoki kusimulia. Karani akafurahi mno, na furaha ile ikamsahaulisha.

Mazoea yana taabu. Aliinuka, akakung'uta masalia yote kwenye bakuli moja, akapanga sahani kubwa chini na ndogo juu, vijiti akavilaza upande mmoja, rundo zima likakaa mkono wa kushoto bila kugongana hata kidogo, huyoo, anaelekea jikoni. Alifika katikati ya chumba ndipo akatambua anachofanya. Mhudumu alikuwa amesimama anamshangaa. Karani hakuthubutu kugeuka.

"Baba watoto," mkewe akaita taratibu. "Rudi uketi. Leo wapo wa kuosha."

Alirudi kichwa chini, akaweka vyombo mezani, akauliza mkewe amejua tangu lini.

Mama watoto akauchukua mkono wa mumewe, akaugeuza kiganja juu.

"Kila likizo ulikuja vidole vimechubuka, nikawa nakupaka mafuta mpaka unapata usingizi. Ulidhani nilidhani ni wino?"

Kisha akammiminia chai, akamwambia amsimulie upya habari za mji, na mara hii aanzie kwenye beseni.