Amelala, Rudini Saa Kumi

Kuhani wa hekalu la Wahindu la Korogwe aliondoka mwezi wa kumi na moja, Jumanne baada ya sala ya jioni, na begi moja na feni yake. Alisema anakwenda Tanga kumwona daktari wa macho. Alfajiri ya kesho yake akampigia simu Jasumati, akamwambia ukweli. Harudi. Amechoka kumwimbia Mungu mbele ya mkeka mtupu.

"Mtupu?" Jasumati akamjibu. "Na mimi nilikuwa nimekaa wapi miaka yote hiyo?"

Kuhani akakata simu.

Jasumati alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Alizaliwa Handeni, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake pale Chanika, akaolewa Korogwe, na mumewe akafia Korogwe. Wanawe wawili walikuwa Uingereza, na kila Jumapili walimbembeleza ahamie kwao. Enzi za mkonge, hekalu lile alilojenga babu wa mumewe halikuwatosha watu siku ya Diwali. Wengine walisimama hadi barabarani. Halafu maduka yakafungwa moja baada ya jingine. Watu wakaenda Tanga, Dar, Kanada. Akabaki yeye na Krishna wa marumaru nyeupe, kimo cha mtoto wa miaka mitano, filimbi mdomoni.

Sanamu ile kwao haikuwa pambo. Tangu ilipoombewa na kutiwa uhai, ilihesabiwa kuwa Mungu mwenyewe amekuja kukaa, na mgeni wa namna hiyo haachwi hivi hivi. Huamshwa alfajiri, huogeshwa, huvishwa, hulishwa. Mchana hupumzishwa nyuma ya pazia hadi saa kumi. Jioni huzungushiwa taa kwa kengele na nyimbo, ndipo alale. Kazi hiyo ilikuwa ya kuhani. Mwanamke hakuigusa, na mjane ndiyo kabisa. Mjane alikaa nyuma, karibu na viatu.

Siku ile ile aliyokatiwa simu, Jasumati alioga, akavaa sari safi, akapita mkeka, akapita kizingiti ambacho hakuwahi kukivuka tangu aolewe. Akachota maji.

"Nisamehe," akamwambia Krishna kwa Kigujarati. "Lakini kama hutaki nikuogeshe mimi, sema sasa."

Krishna hakusema kitu. Akamwogesha.

Watu wa Manundu, mtaa wa hekalu hilo, hawakujua kwamba kuhani ameondoka, maana kengele iliendelea kulia kama kawaida, asubuhi saa kumi na mbili na jioni saa kumi na mbili na nusu. Aliyejua ni Rosina peke yake, mama wa Kishambaa kutoka Kerenge aliyeuza ndizi na mboga nje ya lango. Yeye aliifuata kengele ya jioni kufunga genge lake. Jasumati alimwachia ufunguo wa lango kila aliposafiri, na aliposafiri hakwenda mbali: asubuhi Handeni, alasiri amerudi.

Alikwenda huko kwa ajili ya samli. Taa ya Krishna haikuwashwa kwa mafuta ya kula ya dukani, na samli aliyoiamini ilikuwa ya mama mmoja wa Kimasai aitwaye Resian, aliyetoka na ng'ombe zake upande wa Kwaluguru. Masika yaliyofuata, siku moja ya mwezi wa nne, alikwenda kuifuata. Resian alikuwa na safari ya Korogwe kumtazama dada yake hospitalini, basi wakapanda gari moja kurudi.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani siku mbili. Katikati ya njia gari likasimama. Mbele yao korongo lilikuwa limefurika, maji mekundu yanapita juu ya barabara, yamebeba magogo. Dereva akazima injini. "Hapa hatuvuki mpaka yapungue," akasema, na abiria wakashuka kuyatazama maji kwa hasira, kama vile hasira ingeyapunguza.

Saa kumi na moja ikafika, kisha kumi na mbili. Jasumati alikuwa hajakosa hata siku moja tangu ile ya kwanza. Simu yake ikaita. Ni Rosina.

"Shikamoo bibi. Uko wapi? Muda wa kengele unakaribia na hekalu kimya."

"Marahaba. Nimekwama njiani, maji yamekata barabara." Akakata shauri. "Rosina, fungua lango. Kamba ya kengele iko barazani."

"Mimi Mlutheri, bibi! Nikaligongee hekalu kengele?"

"Sijakwambia usali. Nimekwambia uvute kamba. Iache simu wazi niisikie."

Akatoa bakuli dogo la bati alilonunua Chanika. Akachana pindo la leso yake, akasokota utambi, akauchovya kwenye samli. Kiberiti aliazima kwa kondakta. Akasimama ukingoni mwa lami, uso ameuelekeza Korogwe, lakini upepo ukauzima utambi mara ya kwanza, na ya pili.

Watu wakaanza kusogea. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya pama akapaza sauti: "Bibi, usituletee mambo ya ajabu hapa. Mvua yenyewe hii hatujui imetumwa na nani!"

Wengine wakaguna kumuunga mkono. Jasumati alijua minong'ono ya aina hiyo inakoishia. Hata hivyo hakushusha bakuli.

"Mvua imetoka mawinguni, mwanangu," akasema. "Sogea. Umenizibia upande wa Korogwe."

Resian akaja akasimama kati yao. Akaivua shuka yake ya begani, akaitanda kwa mikono miwili ikawa ukuta. "Washa, bibi," akasema.

Utambi ukashika. Kutoka kwenye simu, iliyokuwa imelazwa juu ya galoni ya samli, kengele ya Manundu ikaanza kulia, kwanza kwa woga, halafu kwa nguvu, maana Rosina alikuwa hajui kuvuta kamba nusu nusu. Jasumati akazungusha taa taratibu na kuimba wimbo wa jioni mbele ya abiria arobaini, wachunga ng'ombe watatu na mafuriko. Alipomaliza akamrudishia kondakta kiberiti. Mwenye kofia alikuwa ametazama chini.

"Mungu wako amekula?" Resian akauliza, akijifunga tena shuka.

Jasumati akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Taa amepata. Chakula atanidai kesho."

Maji yalipungua wakavuka, na habari ile ingeweza kuishia hapo. Lakini mwezi wa kumi, Diwali ikiwa imebaki wiki tatu, ikaja barua kutoka kwa kamati ya wenye hekalu, Tanga. Iliandikwa na Kirit, mwana wa kaka mkubwa wa mumewe. Kwa kuwa hekalu la Korogwe halina kuhani wala waumini, barua ilisema, huduma imekatika. Kwa hiyo Krishna atahamishiwa Tanga kabla ya sikukuu, kwenye watu.

Walikuja Alhamisi, saa sita na robo mchana: Kirit, mzee mmoja kuhani aliyeitwa Maharaj, na wapagazi wawili wenye sanduku la mbao lililojazwa magodoro. Jasumati alikuwa ameketi juu ya kizingiti, sinia ya dengu mapajani, anachambua mawe.

"Jai Shri Krishna, Kaki," Kirit akasalimia, kwa jina wanaloitwa wake za baba wadogo. "Barua uliipata?"

"Niliipata. Vueni viatu."

"Hatutakaa sana."

"Mtakaa. Amelala. Rudini saa kumi."

Kirit akageuka kumtazama Maharaj, akitegemea msaada. Mzee alikuwa tayari ameinama anavua viatu. "Pazia likishafungwa, halifunguliwi," akasema. "Hilo hata Tanga ni hivyo hivyo."

Basi wakangoja. Jua la Korogwe halina simile. Wapagazi wakahamia chini ya turubai la Rosina na kununua ndizi. Kirit alizunguka ua akipiga simu. Jasumati hakuinuka pale kizingitini. Alimaliza dengu, akaanza mchele. Ndani yake hakuwa mtulivu hata kidogo. Alifikiri: kijana huyu nilimbeba mgongoni alipougua surua, na leo amekuja na sanduku.

Saa kumi alinawa, akaingia, akafungua pazia. Krishna alikuwa amevaa njano, shada la asmini shingoni. Maharaj akainama mpaka chini, na alipoinuka alitazama huku na huku kwa muda mrefu: shaba iliyosuguliwa, maua ya siku ile ile, vitambi vilivyopangwa.

"Nani anamhudumia?"

"Mimi."

"Ni mjane, Maharaj," Kirit akadakia. "Hiyo si huduma. Na hata kama ingekuwa huduma, mwulize kama haikuwahi kukatika."

Maharaj akamgeukia. "Mama, iliwahi kukatika?"

Angeweza kusema haikuwahi. Hakuna wa Tanga aliyejua. Lakini mbele ya pazia lililo wazi ulimi wake haukujua kudanganya, akawasimulia yote: korongo, bakuli la bati, shuka ya Resian, kengele ya simuni. Rosina, aliyekuwa amesimama langoni anasikiliza bila kificho, akasema kwa sauti, "Kamba nilivuta mimi, mpaka mkono ukaniuma!"

Maharaj hakutabasamu. Akafikiri, mikono nyuma. "Taa iliyowashwa barabarani si taa ya hekaluni," akasema mwishowe. "Kwa sheria, siku hiyo ilikatika."

"Umesikia, Kaki?" Kirit akawaita wapagazi kwa mkono.

Jasumati akaurudia mlango, akasimama katikati yake.

"Nimesikia. Ilikatika siku moja. Sasa nisikilizeni na mimi. Kama siku moja ilikatika, hizo nyingine zaidi ya mia tatu je? Nani alimwamsha? Nani alimlisha, huku ninyi mko Tanga mnaandika barua? Nilikaa nyuma miaka hamsini, mwisho karibu na viatu. Hamkuniambia njoo mbele, na sikuwaomba. Kuhani alipokimbia nilikuja mbele mwenyewe. Sirudi nyuma."

"Kaki, usitufedheheshe mbele za watu."

"Watu ndio hao waliovuta kamba, Kirit. Wewe hukuja hata kuuliza hali."

Kirit akawa mwekundu. "Beba," akawaambia wapagazi. Mmoja akapiga hatua, akamwona bibi yule mfupi mlangoni, akarudi nyuma. "Bosi, mimi simsukumi bibi," akasema. "Nina bibi na mimi, Kwamsisi."

Kirit akamgeukia Maharaj. "Basi anza sala ya kumhamisha."

Mzee akatikisa kichwa. "Kwa desturi tuliyorithi, kabla Mungu hajainuliwa huombwa ruhusa, na anayeomba ni yule aliyekuwa akimhudumia." Akamtazama Jasumati, na uso wake ulionyesha kwamba maneno yenyewe yanampa tabu. "Utamwomba, mama?"

"Simwombi."

"Hata nikikuamuru?"

"Niamuru, Maharaj. Simwombi."

Mzee akavuta pumzi. "Basi mimi mkono wangu siutii hapo," akamwambia Kirit, akaenda kuvaa viatu.

Kirit alibaki pale peke yake na sanduku. Alisema mengi: kwamba kamati haitaleta kuhani tena, kwamba paa likivuja asimpigie mtu simu, kwamba atakufa peke yake humo ndani. Jasumati alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwekea kiganjani kipande cha kitamu cha maziwa kilichokuwa kimetolewa sadaka, kama anavyopewa kila anayeingia hekaluni, na Kirit, kwa mazoea ya utotoni, akakipokea kwa mkono wa kulia. Wakaondoka. Usiku ule ndipo alipolia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na alfajiri saa kumi na moja alikuwa amekwisha amka.

Siku ya pili ya Diwali ni siku ya mlima wa chakula. Desturi ni aina hamsini na sita mbele ya Krishna. Zamani kila nyumba ilileta yake. Miaka ya karibuni kuhani alikuwa akiweka sahani saba na kuomba radhi. Jasumati aliapa hataomba radhi. Alianza kupika juzi yake. Rosina alileta magimbi na maboga ya Kerenge. Resian alifika na maziwa, akaketi jikoni kumenya viazi. Vyakula visivyo na nyama, kitunguu wala saumu vikapanda juu ya meza, kimoja baada ya kingine, hadi vikafika thelathini na moja. Pembeni palikuwa na sufuria kubwa ya wali na dengu ambayo haikupelekwa mbele ya sanamu kabisa. Hiyo ilikuwa ya majirani ambao dini zao haziwaruhusu kula cha sadaka. Rosina alijua ni yake, Shadya wa duka la jirani alijua ni yake, na hakuna aliyelazimika kueleza.

Saa tano asubuhi kondakta wa basi la Tanga akaleta bahasha. Jasumati aliisoma amesimama, mikono ina unga. Kamati ilikuwa imepata kuhani mwingine, asiye na masharti mengi. Watakuja baada ya mwaka mpya.

"Inasemaje?" Rosina akauliza.

"Inasema watakuja tena."

"Na wewe utafanyaje?"

Jasumati aliikunja barua mara nne, akainama kwa shida, akaisukumia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba kwa uzito wa chakula. Akaitikisa meza kujaribu. Ikatulia.

"Nitakuwa hapa hapa," akasema. "Hebu nipe lile boga, wageni wanaingia."