Mkwe Upande wa Pili wa Bwawa

Mimi Pelagia sikuzaliwa na subira, na mila yetu ya mkwe ilitaka kunimaliza. Kwetu Unyamwezini mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja lazima achepuke porini. Nami nilikuwa na neno la kumwambia Kasimiri, mume wa Apolinaria wangu, neno lisilongoja. Jumatatu alikuwa anahamia Mpanda kufundisha katika kijiji kipya cha ujamaa, na mwanangu ana mimba ya kwanza. Nilitaka aniachie binti ajifungulie kwangu, mtaani Cheyo.

Mwaka ule wa Azimio la ujamaa watu walitembea kwa kila jambo. Jumamosi ile tawi letu la chama likaandaa matembezi ya kuliunga mkono: kulizunguka bwawa lote, kupita korongo la mto na kurudi pale pale jioni. Nikafurahi, maana Hamoud, mwenye duka mtaa wa Mtendeni aliyekuwa mshenga wao, aliahidi kuja. Yeye ndiye angenisemea.

Kasimiri aliponiona tu ukingoni, akashika adabu: akageuka, akaanza kuzunguka kwa kushoto, na vijana wakamfuata. Sisi akina mama tukashika kulia, tukiimba. Hamoud hakuonekana.

"Miguu ya dukani hiyo," wenzangu wakasema. "Imeishia Mtendeni."

Nikacheka, ingawa moyo uliniuma. Maji yalimeta, bata wakaruka, nami nikasahau jambo ambalo hata mbuzi angelijua. Wawili wakilizunguka bwawa kwa kupeana migongo, watakutana uso kwa uso.

Tulikutana korongoni. Njia pale ni ya wapagazi wa zamani, upana wa mtu mmoja na mzigo wake, upande mmoja mwamba, upande mwingine maji. Nyuma yangu akina mama wamebanana, nyuma yake vijana. Kasimiri akajifunika uso kwa kofia, mimi kwa kanga. Watu wakaangua kicheko, na hasira zikanipanda. Nikaugeukia mwamba.

"We mwamba, mwambie huyo mtu aniachie binti yangu azae nyumbani kwao!"

Sauti ikatoka ndani ya kofia: "Shikamoo, mwamba."

"Marahaba!" nikajibu, wakacheka tena.

"Mwambie mama, tangu asubuhi namtafuta Hamoud nimtume neno hilo hilo. Mama yangu alikufa akinizaa mimi, ugenini, hana hata dada wa kumshika mkono. Naogopa, mwamba. Nikadhani mama atasema namtupia mzigo."

Vicheko vikakatika. Machozi yalinitoka chini ya kanga, na sioni haya kuyasema.

"Mwambie mzigo huo nauomba mwenyewe," nikasema.

Ikabaki kupishana. Kabla hatujashauriana, Kasimiri akachepuka. Akajitosa majini na viatu vyake, maji yakamfika kifuani, na mama mkwe akaachiwa njia kama inavyotakiwa. Akina mama wakapiga vigelegele. Lakini ukingo ulikuwa na utelezi, kila akipanda anarudi chini.

Nikavua kanga, nikamtupia ncha moja huku nimegeuzia uso mwambani. Wenzangu wakanishika kiuno, tukavuta. Sikumtazama hata kidogo. Ila sikuiachia kanga ile mpaka nilipomsikia akikohoa nchi kavu.