Chumvi ya Mwenyekiti

Alipofika nyumbani saa kumi jioni, vumbi la Ivuna limemganda mpaka kwenye kope, Anna alimpokea mlangoni, akajifanya anamfuta kola ya shati, akamnusa mdomo. Gwalugano alijua. Mwanamume aliyewahi kunuswa miaka ile ya pombe ya komoni haisahau pua ya mkewe inavyokuja. Alipita ndani, akajitupa kwenye kiti kwa hasira.

Miaka sita, jamani. Miaka sita hajagusa hata tone la kuonja. Alisimama mbele ya usharika mzima wa Mlimani, mtu mzima wa kutoka Itumba, akasema mimi ni mlevi, nisaidieni, akalia kamasi zikamtoka mbele ya watoto wa kwaya. Tangu siku ile Anna aliacha kumnusa. Leo ameanza tena, na kisa ni gari.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba. Lililetwa na marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo, moja ya yale magari ambayo wazungu waliostaafu hulala humo, hupika humo na kuoga humohumo wakizunguka nchi. Usharika uling'oa vitanda ukaweka meza ya kupimia wajawazito, ukaacha friji kwa ajili ya chanjo na sinki la kunawia. Watu wakaliita Kliniki. Gwalugano ndiye aliyekabidhiwa funguo. Kila wiki alimpeleka Nesi Ketrina kule Isansa, na kila baada ya wiki mbili waliteremka bondeni mpaka Ivuna, kwa wachemsha chumvi, ambako mama akishikwa na uchungu hospitali iko mbali na usafiri ni wa kubahatisha.

Na Kliniki ilikuwa inayumba. Uko kwenye lami, kutoka Mlowo kuja Tunduma, usukani umeushika kwa mikono miwili, umenyooka, lakini gari lenyewe linachepuka kushoto. Unalirudisha, linapitiliza kulia. Unalirudisha tena. Safari nzima unalifukuza kama mama anayemfukuza mtoto asiyetaka kuoga. Ukifika, mabega yamekufa ganzi na macho ni mekundu. Anayekutazama kutoka nyuma, yeye anaona dereva aliyelewa, basi.

Aliyemtazama kutoka nyuma alikuwa Mzee Nathanaeli, mwenyekiti wa kamati ya afya ya usharika, ndani ya Noah yake. Mwezi uliopita aliifuata Kliniki kutoka Mlowo, akaiona inavuka mstari mweupe na lori lenye shaba la kutoka Zambia linakuja mbele. Lori likapiga honi ndefu, Gwalugano akalirudisha gari upande wake, wakapishana kwa kudra za Mungu. Nesi Ketrina aliapa kwamba dereva hakuwa amekunywa hata soda. Wanakamati wakamwambia anamkingia kifua.

Tuseme la haki, kamati ililipeleka gari kwa mafundi. Wa kwanza alibadilisha tairodi, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, zote mbili. Wa pili, kule Mbeya, alipima alaimenti kwa mashine, akatoa karatasi yenye mistari ya rangi iliyosema magurudumu ya mbele yako sawasawa na gari ni zima. Hapo ndipo Gwalugano alipokwisha. Maana gari likiwa zima, mbovu ni nani?

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, Mzee Nathanaeli alisimama, akaivuta sauti yake ya huruma, akawaomba washarika wamkumbuke dereva wao katika maombi kwa kuwa amerudi nyuma. Pombe hakuitaja, wala hakuhitaji kuitaja. Kanisa zima liligeuka kumtazama Gwalugano, na wengine wakafumba macho wakaanza kumwombea palepale. Sijui kama kuna tusi linalouma kuliko kuombewa dhambi ambayo hukuitenda. Anayekutukana utamjibu. Anayekuombea utamjibu nini? Unaitikia amina. Kamati nayo ikaamua kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi funguo za Kliniki apewe Jonasi, ambaye, eti kwa bahati tu, ni shemeji wa mwenyekiti.

Jumapili hiyo ilikuwa imebakiza siku tatu Anna aliponusa. Gwalugano alikaa kwenye kile kiti akawaza kwamba kazi inaweza kwenda na iende. Lakini akizikabidhi funguo zile atakuwa amekiri, na Anna atamnusa mpaka siku anaingia kaburini.

Ijumaa asubuhi hakuomba ruhusa ya mtu. Aliwasha Kliniki kama ilivyorudi kutoka Ivuna, akaipeleka kwa Shadrack, fundi aliyekuwa akitengeneza malori nyuma ya maegesho ya mpakani. Alikuwa mtu mfupi, mkali, ambaye madereva wa Kizambia walimwita Ba Shadrack kwa heshima na kumwogopa. Gwalugano alimweleza yote, mpaka la kunuswa. Shadrack alitema mate pembeni, akasema atakalolikuta atalisema, likiwa la gari au la dereva.

Mbele hakupashika. Alizunguka gari mara mbili mikono mgongoni, kisha akauliza kama linayumba siku zote. Gwalugano akamjibu kwamba wakitoka Isansa ni afadhali, wakitoka Ivuna ndipo linapotaka kumuua.

"Mkitoka Ivuna mnabeba mzigo gani?"

"Hatubebi mzigo," Gwalugano akasema, na alisema kwa moyo mweupe kabisa.

Shadrack akachukua kamba ya katani. Akaivuta upande wa kulia, kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, akapiga fundo. Akaenda na kamba ileile upande wa kushoto. Fundo likapitiliza katikati ya gurudumu kwa vidole vitatu. Alilala chali, akajisukuma uvunguni, akakaa huko muda mrefu akigongagonga, na alipotoka ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe. Akavilamba. Kisha akaenda nyuma kabisa ya gari, kwenye ile stoo ya chini ambayo wazungu waliwekea viti vyao vya kukunja, akaipiga kofi.

"Fungua hapa."

Ndani mlikuwa na magunia manne, yamejaa mpaka mdomoni.

"Umesema hakuna mzigo."

"Hiyo ni chumvi tu, fundi," Gwalugano akasema. "Siyo mzigo. Ni salamu za Ivuna."

Na msimcheke, maana mtu yeyote wa huku angejibu vilevile. Hakuna anayetoka Ivuna mikono mitupu. Ukirudi bila chumvi watu watauliza kama uligombana na wenyeji. Ila salamu za watu wengine huwa kopo, au mfuko wa kilo mbili. Za Mzee Nathanaeli zilikuwa magunia manne kila safari: moja la nyumbani, moja la ng'ombe, mawili ya duka la mkewe. Alikuwa anapiga simu Ivuna mapema yakaandaliwa. Karatasi ya safari ilikuwa na sehemu ya kuandika dawa, maji, mafuta na abiria, na chumvi haikuwahi kuandikwa humo hata siku moja, kwa sababu hakuna anayeandika kwamba amesalimiwa. Miaka miwili Gwalugano alikuwa akiyapakia kwa mikono yake mwenyewe, na kila Ijumaa ya baada ya safari akiyapeleka nyumbani kwa mwenyekiti.

Shadrack alimweleza polepole, kama mtu anayejizuia asipige. Magunia yale yananing'inia mbali nyuma ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma. Mkia unakaa chini, pua inanyanyuka, matairi ya mbele yanabaki kuilamba barabara, na hapo usukani unashika nini? Hilo ni moja. La pili, chumvi mbichi inatoka jasho. Imekuwa ikidondokea springi za nyuma safari baada ya safari, imekula bushi zinazoshika springi, imekula yubolti zinazoibana ekseli kwenye springi, na upande wa kushoto ile bolti ya katikati imekatika vipande viwili. Ekseli inakwenda mbele na nyuma inavyojisikia, na gari linafuata inakoelekea.

"Wenzangu wametengeneza mbele kwa sababu usukani uko mbele," akasema. "Hili gari linaendeshwa na makalio."

Walifanya kazi mpaka Jumamosi mchana. Walishusha magunia, wakapiga jeki, wakaegemeza gari kwenye magogo, wakatoa springi zote za nyuma, wakasugua kutu kwa brashi ya waya. Wakafunga bushi mpya, yubolti mpya, bolti za katikati mpya, wakapaka grisi kila mahali. Shadrack akavuta tena kamba yake. Safari hii fundo liliangukia katikati ya gurudumu, kushoto na kulia. Akajaza matairi upepo, akampa Gwalugano funguo, akapanda pembeni yake.

Wakatoka mpaka nje ya mji. Kliniki ilinyooka. Gwalugano alilegeza mkono mmoja, kisha akabakiza vidole viwili tu kwenye usukani, malori yakipita pembeni mojamoja, na gari halikutikisika. Alitaka kufurahi, hasira ikamkatalia. Mwezi mzima ameombewa kwa ajili ya bolti! Waliporudi Shadrack alimpa vile vipande viwili vilivyokatika, akamwambia avipeleke kwa wanaohusika.

Jioni ileile alivipeleka. Mzee Nathanaeli alivigeuzageuza kiganjani, akacheka kidogo, akasema Mungu ni mwema, basi funguo abaki nazo, Jonasi atatafutiwa kazi nyingine, yaishe. Gwalugano akamuuliza kama atalisema kanisani, palepale alipolisema lile la kwanza. Mwenyekiti akakunja uso. Akasema mambo ya vyuma hayana haja ya kufika madhabahuni, atatangaza kwamba gari limepona, inatosha. Kisha, Gwalugano akiwa tayari ameshika mlango, akaongeza:

"Na ile chumvi yangu umeiacha wapi?"

Damu ilimpanda Gwalugano mpaka masikio yakaziba. Miaka ile ya zamani angempiga, na angejutia baadaye. Sasa aliaga kwa adabu zote, akaondoka, na njia nzima aliongea peke yake.

Jumapili, wakati wa matangazo, mwenyekiti alimshukuru Mungu kwa kuiponya Kliniki. Watu wakapiga makofi. Akamshukuru na fundi. Akakaa. Kuhusu dereva hakusema hata nusu ya neno, na Gwalugano akasikia mzee wa kiti cha mbele akimnong'oneza jirani yake kwamba kumbe maombi yanafanya kazi.

Usharika ule, kama nyingi za huku, ibada ikiisha watu hutoka nje kwenye mnada. Asiye na pesa ya sadaka huleta kuku, ndizi au mayai, na Barnaba, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mpaka, hunadi. Utaratibu wao haubadiliki: kwanza jina la mtoaji linatajwa, halafu mtoaji anasema neno juu ya sadaka yake, ndipo mnada unaanza. Kuku wawili walikuwa wamekwisha kuuzwa Gwalugano aliporudisha Kliniki kinyumenyume mpaka kwenye meza, akafungua nyuma, akashusha yale magunia manne, moja moja, mgongoni kwake.

Barnaba akauliza sadaka ya nani.

"Ya Mzee Nathanaeli," Gwalugano akasema.

Watu wakashangilia. Magunia manne! Kinamama wakapiga vigelegele, na mwenyekiti, aliyekuwa amesimama na wachungaji, akajikuta anatabasamu nusu mdomo, maana sadaka iliyokwisha kutangazwa utaikana vipi? Gwalugano akasubiri vigelegele viishe. Akatoa mfukoni vile vipande vya bolti, akaviinua juu.

"Chumvi hii imesafiri nyuma ya gari la wagonjwa miaka miwili, gunia likishuka jingine linapanda. Ndiyo iliyokata hiki chuma, ndiyo iliyoyumbisha gari. Niliyeipakia ni mimi. Hilo ni kosa langu na ninalikiri mbele yenu. Lile la pombe si langu. Aliyenipa alinipa mbele yenu, aje alichukue mbele yenu."

Mwenyekiti akasogea karibu, akanong'ona kwamba jana walishaelewana. Gwalugano hakumtazama. Ikawa kazi ya Barnaba, na Barnaba hakuwa mtu wa kuvunja utaratibu: akaweka mkono juu ya gunia la kwanza, akasema mtoaji atoe neno, asiposema mnada hauendelei.

Mzee Nathanaeli alikohoa. Aliviangalia viatu vyake.

"Gwalugano hakulewa," akasema.

"Kwa sauti, mzee," Barnaba akamwambia. "Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia, safari hii wote wakasikia. Chumvi ikanunuliwa yote, kopo kwa kopo, na watu wakapanga foleni kumpa Gwalugano mkono. Alishikana nao mikono bila kuwaangalia usoni. Alikuwa anamtafuta Anna, na Anna alikuwa ameshaondoka.

Alimkuta mlangoni, bado na kitenge cha kanisani. Gwalugano alidhani hasira ingekuwa imekwisha kule uwanjani, lakini alipomwona mkewe ikarudi yote. Akamsogelea mpaka karibu kabisa.

"Nusa," akamwambia.

Anna akatikisa kichwa.

"Nusa, Mama Goodness. Juzi ulinusa kwa siri. Leo nimekuja mwenyewe."

Anna akaanza kulia. Akasema aliogopa, kwamba yeye hakumsikia mwenyekiti, aliisikia ile miaka ya zamani, na mtu aliyeungua hajui kama moto umezimika mpaka aguse. Gwalugano alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwenyekiti amesema mara mbili," akamwambia. "Wewe hujasema."

Anna alifunika uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akaweka paji lake kifuani kwa mumewe, akasema huko huko ndani ya shati, kwa sauti ambayo hata mtu aliyesimama hatua moja asingeisikia:

"Hukulewa, Baba Goodness."

Gwalugano hakumwambia arudie.