Milamula ya Mama Mkwe

Nani aliniambia? Mimi nimezaliwa Tanga, nimeolewa huku Kanoni, nikaona mimea mizuri imejipanga mwisho wa migomba, haina wa kuitazama. Mama mkwe alipokwenda Rubwera, nikaihamishia karibu na jiko, mstari mmoja, nikaimwagilia wiki nzima.

Jana alirudi, akashika kichwa.

"Kauthar! Hiyo milamula ndiyo mpaka wetu na Mutalemwa! Irudishe kabla hajajua!"

Nilikimbilia jembe. Nilikuwa nang'oa wa pili, jirani huyo akatokea migombani, nyuma yake mwenyekiti wa kitongoji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mutalemwa alitabasamu. "Mwenyekiti, si unaona mwenyewe? Mchana kweupe, anang'oa mpaka wetu, huu wa hapa jikoni."