Mkalimani wa Mama Mkwe

Watu wakisikia kwamba nilijitolea wiki nzima kuwatafsiria madaktari wa kigeni bila kulipwa, wananisifu. Wasinisifu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Same, ilikuwa Desemba na shule zimefungwa, mke wangu Irine alikuwa ameshachoka kuniona sebuleni, na chakula cha mchana kilikuwa cha bure. Tena kuna jambo nililofanya Ijumaa ya wiki ile ambalo hata leo nikilikumbuka masikio yananiwaka moto.

Wageni walikuwa wanne, ila wa kumsimulia ni mmoja: Dokta Marit, daktari wa wanawake kutoka Norwei, mstaafu, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Jumatatu mpaka Jumatano tulikuwa kwenye kituo cha kulelea watoto pale mjini, tukiwapima masikio na meno na kuwapa dawa za minyoo. Huko ndiko nilikojiona fundi. Binti mmoja wa miaka sita alimuuliza daktari kama atarudi mwakani. Daktari akaniambia ana miaka sabini na mmoja, hatarudi. Nikamwambia mtoto, "Anasema Mungu akipenda." Mtoto akacheka, daktari akatabasamu, kila mtu akaridhika. Nikajiambia hiyo ndiyo kazi ya mkalimani: unapokea maneno yakiwa na miiba, unaing'oa, ndipo unayakabidhi.

Alhamisi tukapanda milimani, juu ya Bendera, kwenye kijiji cha wakwe zangu. Kliniki ilikuwa ndani ya ukumbi wa kanisa la kigango. Mpango ulikuwa mimi niwatafsirie wanaume na watoto, na wanawake watafsiriwe na Rogathe, muuguzi wa zahanati ya pale, ambaye Kiingereza chake kinatosha. Mpango mzuri kabisa, ukadumu siku moja. Ijumaa asubuhi aliletwa mama mjamzito akiwa na hali mbaya, Rogathe akaondoka naye kumpeleka kituo cha afya, na wanawake wote waliobaki kwenye foleni wakaniangukia mimi.

Nikajikaza. Kufika saa sita nilikuwa nimeshawauliza wanawake zaidi ya ishirini mambo ambayo hata mke wangu sijawahi kumuuliza. Mdomo ukazoea. Kisha nikainua macho nimwite anayefuata, na kwenye kiti cheupe cha plastiki nikamwona mama mkwe wangu, Honorata, ameshakaa.

Asiye wa kwetu ataona ni jambo dogo. Miaka tisa nimemwoa mwanawe, sijawahi kukaa naye benchi moja wala kula naye meza moja. Chumba anacholala sijui hata mlango wake uko upande gani. Tunasalimiana kwa mbali, mimi nikitazama chini, yeye akitazama migomba. Hatuna ugomvi. Hiyo ndiyo heshima ya mkwe na mkwe, na sisi wawili tuliimudu kuliko wote kijijini. Nilikuwa najivunia.

"Shikamoo mama," nikasema, nikilitazama boksi la glavu.

"Marahaba, Baba Elirehema." Yeye alitazama dirishani. "Irine ndiye kanisumbua na simu wiki nzima. Ni kiuno tu, na tumbo hapa chini."

Nikatafsiri. Daktari akauliza tangu lini. Muda sasa. Akauliza umri. Sitini na miwili. Dokta Marit akaweka kalamu mezani, akaniambia nimuulize kama anatokwa na damu ukeni, kiasi gani, na kama ina harufu.

Nikafungua mdomo. Swali lilifika mpaka kwenye meno, likarudi.

"Mama, daktari anauliza kama kuna shida nyingine."

"Hapana, baba. Ni kiuno."

"Anasema hapana," nikamwambia daktari.

Dokta Marit alinitazama. "Umemuuliza nilivyosema?"

"Ndiyo."

Mama mkwe akapewa panado na dawa ya kuchua. Akazipokea kwa mikono miwili, akajifunga kanga yake vizuri, akashukuru, akatoka. Mimi nikashusha pumzi, na nakiri bila kificho kwamba nilifurahi. Nilijiona nimetuokoa wote wawili.

Aliyefuata alikuwa mzee Melkizedeki mwenye magoti mabovu. Alifika kwenye kiti akasimama na fimbo yake, hakai.

"Mwalimu, kiti kimelowa."

"Kaa mzee wangu, watu bado ni wengi!" nikafoka.

"Nikalie damu?"

Nikatazama. Haikuwa nyingi. Doa la ukubwa wa kiganja cha mtoto, bichi, limeburuzika kidogo pale alipoinuka. Dokta Marit hakuhitaji mkalimani. Alikuwa ameshazunguka meza.

"Nani alikaa hapa?"

"Mama mkwe wangu."

"Ulisema hatokwi na damu."

Ningeweza kuongeza uongo mwingine, ulikuwepo tayari. "Sikumuuliza," nikasema.

Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alisema mwanamke wa umri ule anayetoka damu hapewi panado, anapimwa, leo hii. Alisema hakusafiri mpaka hapa kuja kuzungumza na mimi. Alikuja kuzungumza na yule mama. "Mlete," akasema.

Dereva wetu, Amiri, alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi. "Mwalimu, saa saba na nusu hii. Wingu lile unaliona? Saa tisa naondoa gari. Mvua ikinikuta kwenye zile kona hatushuki leo wala kesho, na ndege ya huyu bibi ni kesho jioni."

Nikakimbia. Nyumba ya wakwe iko juu, unapita mashamba ya tangawizi, kisha mfereji, kisha kilima ambacho hata mbuzi hukipanda kwa kulalamika. Nilikuwa na hasira na daktari kwa kuuliza, na Rogathe kwa kuondoka, na yule mjamzito asiyejua kuchagua siku. Hasira ilipowamaliza watu wote, ikanirudia mimi. Mama wa mke wangu anavuja damu, na mimi nimempa panado. Niliogopa, sina neno lingine.

Nilimkuta nyuma ya jiko anafua kanga. Aliponiona akaizamisha chini ya povu.

"Hodi, mama."

"Karibu. Kuna nini? Irine mzima?"

"Mzima. Mama, daktari anaomba urudi. Sasa hivi."

"Dawa si nimeshapewa?"

"Nilikudanganya mama. Hakuuliza habari za shida nyingine. Aliuliza..." Nikakwama tena, mtu mzima mwenye diploma ya ualimu.

"Aliuliza damu," akasema.

Nikalitazama beseni lake, si yeye.

"Baba Elirehema, nimefua mashuka ya wodi ya wazazi kwenye hospitali ya misheni miaka kumi na mmoja. Madaktari walikuwa wazungu watupu. Neno hilo nalijua."

"Sasa mbona ulisema hapana?"

"Nilikuona unavyotoka jasho. Nikakusaidia."

Sijawahi kuona aibu namna ile. Kumbe tulikuwa wawili tunadanganyana kwa adabu, na mwenye kuumwa ni mmoja. Nikaugeukia mgomba uliokuwa karibu, nikauliza swali langu kwa mgomba. "Imeanza lini, mama?"

"Tangu Pasaka."

Miezi minane. "Nani anajua?"

"Mungu. Na sasa wewe."

"Basi twende mama, gari linaondoka saa tisa."

"Siendi." Akarudisha mikono kwenye beseni. "Nikavue nguo mbele ya mgeni, na mdomo wa huyo mgeni uwe mkwe wangu? Kila mtu ana siku yake, baba. Ikifika ya kwangu initoe nikiwa nimevaa."

Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitaka kumwambia hivyo, kwa sauti ya upole, nikiwa nimeinamisha kichwa. Kilichotoka ni kingine. Nilimfokea. Nilimfokea mama mkwe wangu kwenye ua wake mwenyewe, mpaka kuku wakatawanyika.

"Utakufa kwa heshima, mama! Ndicho unachotaka? Tuje tukuzike halafu tukae kwenye maturubai tusimulie ulivyokuwa na adabu? Irine nimwambie nini mimi? Nimwambie mama yako amekufa kwa sababu niliona haya?"

Jirani yake, Blandina, alitokea kwenye kona na ndoo kichwani, akabaki ameduwaa. Habari ile ingefika kanisani kabla ya Jumapili. Mama mkwe aliinua uso, akanitazama machoni, mara ya kwanza katika miaka tisa. Nikaona ana macho ya Irine, yale yale, na yalikuwa yameogopa kuliko yangu.

"Ngoja nibadilishe kanga," akasema.

Njia panda tulimpata Kurwa na bodaboda yake. Pikipiki moja, abiria wawili. "Pandeni wote, nawabeba mshikaki," akasema. Mama mkwe akamuuliza kama ana akili timamu. Kufoka nilishafoka, lakini kubanana naye kwenye kiti kimoja, hapana, kuna mpaka. Akapanda peke yake kwa ubavu, mimi nikawafuata nyuma mbio kwenye tope linaloanza, matone makubwa yakinipiga shingoni.

Nilipofika ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Gari lilikuwa linanguruma, maboksi yamefungwa juu. Boksi moja Dokta Marit alikuwa amelishusha. Alikuwa ameunganisha meza mbili kwenye kona ya ukumbi, na kuzizungushia vitenge viwili vilivyofungwa kwenye kamba. Mama mkwe alikuwa ameshaingia ndani ya vitenge hivyo.

"Mwalimu, mwambie tutalala huku!" Amiri alipiga kelele kutoka mlangoni. "Mwambie ndege haimsubiri!"

Nikamwambia. Daktari akajibu bila kugeuka.

"Anasema basi tutalala," nikamwambia Amiri, na hilo sikulipunguza wala kuliongeza.

Nikasimama nje ya kitenge, uso ukutani, pua yangu karibu iguse tangazo la zamu za kufagia kanisa. Daktari alikuwa anasema, mimi nasema. Lala chali, mama. Kunja magoti. Yaachanishe. Zaidi kidogo. Sasa utasikia kitu cha baridi. Pumua. Kila neno nililiambia ukuta, na sauti yangu ilitetemeka mpaka nikaikasirikia. Yeye alijibu "ndiyo" tu. Mara moja aliguna, nikafumba macho. Mvua ikashuka juu ya bati yote kwa pamoja.

Vyuma vikalia kwenye beseni. Daktari akanyamaza, na kimya hicho nilikielewa kabla hajasema. Kisha akaongea polepole, sentensi moja moja, akinisubiri. Ameona uvimbe kwenye mlango wa kizazi, na unatoa damu ukiguswa. Anafikiri ni saratani. Hawezi kuwa na hakika mpaka kipande kikatwe kipimwe. Aende hospitali ya rufaa Moshi Jumatatu, asingoje Krismasi ipite. Barua anaiandika sasa hivi.

"Mama, daktari anasema kuna kidonda kidogo huko ndani, kwa hiyo ingefaa..."

"Baba Elirehema." Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini ilipita juu ya mvua. "Mimi nimeshalala hapa. Sema alivyosema."

Nikashika ukuta kwa mikono miwili. Nikasema. Nikasema uvimbe. Nikasema unatoa damu. Nikasema saratani, jina lenyewe, si "ugonjwa ule" wala "yale mambo". Nikasema kipande, na Moshi, na Jumatatu. Hakuna nililoacha, na nilipomaliza nilikuwa nalia bila kujijua.

"Muulize kama nitapona."

Nikauliza. Nilisikia daktari anavua glavu, moja, kisha ya pili. Akajibu.

"Anasema wanaowahi wengi hupona," nikasema. Hapo palikuwa pazuri pa kunyamaza, na nilipaona. "Kama wewe umewahi, mama, anasema hajui."

"Haya. Mwambie ahsante."

Nikamwambia. Kitenge kikasogezwa, akatoka ameshajifunga, kilemba kimenyooka, akaja akasimama mbele yangu, karibu kuliko alivyowahi kusimama. Akanyoosha mkono.

"Sasa nipe simu nimpigie Irine. Nitamwambia mwenyewe," akasema. "Wewe utampunguzia."