Bunduki Isiyo na Kosa

Nilikuwa naomba kosa liwe la bunduki. Wenzangu wanaomba mvua, wanaomba binti zao waolewe. Mimi nilikuwa napiga magoti kuomba mtutu uwe umechakaa. Mtutu ukichakaa unanunua bunduki nyingine na maisha yanaendelea. Mikono ya mtu haina duka, na mikono ya mume wangu ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi.

Kazi yake ilikuwa kuua nguruwe pori waliokuwa wakifukua mahindi ya kampuni. Watu walimwita Risasi Moja, kwa sababu enzi zake hakuhitaji ya pili. Nyumba tuliyoishi, vyumba viwili na jiko la nje, ilikuwa ya kampuni, na anayeacha kazi anaacha na nyumba. Basi mwaka ule akaanza kujeruhi. Nguruwe anapigwa pajani, anatoroka akipiga kelele, kesho yake wanamkuta amejibanza kwenye mahindi, mkali kuliko jana. Mmoja alimrarua mpalizi mguu. Hapo msimamizi wa shamba alimwita mume wangu ofisini akamwambia bila kuzunguka: mwisho wa wiki njoo na bunduki inayopiga unapolenga, upige kwenye kibao mbele yangu. Matundu yasipoenea ndani ya kisahani cha chai, tutamtafuta mwindaji mwingine.

"Ni bunduki," mume wangu aliniambia aliporudi. "Mtutu umelika. Nimeshawaeleza."

"Ni bunduki," nami nikaitikia, huku nikimmiminia chai nusu kikombe. Nilikuwa nimeanza kumpa nusu muda mrefu uliopita, maana kikijaa kinamwagika kabla hakijafika mdomoni. Yeye hakuuliza, mimi sikusema. Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini sisi tulikuwa tunaficha wawili, na tulikuwa tunasaidiana vizuri sana.

Tulikuwa na akiba ya mabati ya nyumba yetu wenyewe, ile tuliyoijenga kwa maneno miaka yote ya ndoa. Tukaitoa, tukaenda kwa Fundi.

Fundi alikuwa na duka la bunduki, chumba kimoja chenye nondo dirishani na harufu ya mafuta ya mashine. Yeye na mume wangu walijifunza kulenga shabaha pamoja wakiwa vijana, na kati yao hakuna aliyewahi kukubali kwamba mwenzake ni bora. Nyuma ya duka palikuwa na kiwanja kirefu chenye tuta la udongo kule mwisho, ambako mteja hujaribu bunduki kabla hajalipa. Fundi hukaa pembeni akifoka: "Usikivute kifyatuo! Kikamue taratibu!" Niliwahi kumsikia akimfokea hivyo hata ofisa wa polisi mwenye nyota mabegani.

"Karibu shemeji," akaniambia. "Umekuja kumzuia asinunue duka zima?"

"Nimekuja kuyaaga mabati yangu," nikamjibu.

Mume wangu hakucheka. "Nataka ya bolti," akasema. "Ya kiwandani, ya bei yetu sisi. Sitaki nakshi. Nataka ipige mahali pamoja, leo na kesho."

Fundi akapanga tatu juu ya kaunta, na hapo nikamwona mume wangu wa zamani akirudi. Alifungua bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, akachungulia ndani ya mtutu kuelekea mwanga wa dirisha. Ya kwanza ilikuwa na kitako cha mti kinachong'aa, wanawake tungeitandikia kitambaa. Akaiweka kando: "Hapa unalipia sura." Ya pili ilikuwa ya bei rahisi kuliko zote. Alichana kipande cha karatasi, akakipitisha kati ya mtutu na kitako, karatasi ikakwama. "Mtutu ukigusana na kitako, ukipata moto unasukumwa pembeni," akanieleza, kwa upole ambao sikuwa nimeusikia tangu msimamizi amwite. Nayo akaiweka kando.

Ya tatu ilikuwa na kitako cha plastiki nyeusi, mbaya kwa sura hasa. Karatasi ikapita kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kugusa. Bolti iliteleza bila kukwaruza. Kifyatuo kilikuwa chepesi na hakikulegea. Akaipindua, akaisikiliza, akairudia tena na tena mpaka nikachoka kusimama.

"Mimi mwenyewe hukunikagua hivyo," nikamwambia.

"Mchagua jembe si mkulima, bwana," Fundi akadakia.

"Mkulima akikosea jembe atapata jingine," mume wangu akasema. "Mimi nikikosea hapa tunalala nje."

Tulicheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Lakini nilikuwa nimeona jambo likanipa moyo: mikono yake ikiwa na kazi ilitulia. Nikaanza kuamini kwamba nilikuwa najitia hofu bure, kwamba kweli ni ule mtutu wa zamani.

Tukatoka nyuma. Fundi alikuwa ameshaifunga darubini na kuirekebisha. Mume wangu akakaa kwenye benchi, akalaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akapiga. Fundi akaenda kuleta karatasi ya shabaha. Matundu yalikuwa yametawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, na moja lilikuwa nje kabisa ya duara.

"Skrubu," mume wangu akasema. "Hazijakazwa."

Fundi akazikaza zote. Mume wangu akapiga tena, matundu yakatawanyika tena.

"Labda ni hizi risasi," Fundi akasema bila kumtazama. "Bunduki nayo ina chakula inachokipenda." Akaleta za aina nyingine. Safari hii nilisogea nikasimama ubavuni, nikaona nisichotaka kukiona. Mfuko wa mchanga ulikuwa umetulia tuli, benchi limetulia, na ncha ya mtutu ilikuwa ikichezacheza. Mume wangu alikuwa amejikaza hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Alipiga zote. Karatasi ilipoletwa hakuinyooshea mkono, akaitazama ikiwa mikononi mwa Fundi.

"Piga wewe," akamwambia.

Fundi akasema jua limekuwa kali. Akasema kuna mteja anamsubiri, na hapakuwa na mteja.

"Piga wewe, ndugu yangu."

Fundi akakaa. Mimi nikaanza kuomba, Mungu anisamehe, nikiomba mtu akose. Akikosa Fundi, basi bunduki ni mbovu, na mume wangu ni mzima, na tutatafuta nyingine hata kama ni ya kukopa. Niliomba kwa midomo, nusura nitoe sauti. Fundi akalenga, akapiga, akapiga, akapiga.

Akakosa. Matundu yake yalikuwa mabaya kuliko ya mume wangu.

"Unaona?" Fundi akasema, akiinuka haraka na kukung'uta suruali. "Ina kasoro hii. Nitairudisha kiwandani. Msimwage pesa yenu hapa, subirini mzigo mwingine."

Nilitaka kushangilia, lakini nilikuwa nimesimama karibu mno. Nilikiona kidole chake. Kila mara kilikivuta kile kifyatuo kwa nguvu, kama mtu anayeng'oa msumari ukutani. Nilimchukia kwa muda, kisha nikatamani kumshika mkono nimshukuru, kisha sikujua nataka nini. Mume wangu alimshukuru kwa adabu zote, akamuulizia hali ya wazee wake, akaaga. Walishikana mikono kwa muda mrefu.

Tulirudi kwa miguu tukifuata ua wa shamba. Pesa ilikuwa bado kwenye kanga yangu, imefungwa fundo.

"Basi tutasubiri huo mzigo," nikasema.

"Ile bunduki ni nzuri," akasema.

Nikalikaza fundo la kanga.

"Ni nzuri sana. Kwa bei ile hatutapata nyingine kama ile." Alitembea kidogo. "Fundi hawezi kukosa umbali ule, hata umfunge kitambaa usoni. Mtu kama yule avute kifyatuo namna ile? Amekosa kwa ajili yangu, mke wangu. Amenionea huruma mbele yako."

"Alitaka kukusitiri."

"Najua. Angenitukana ningepona." Akasimama. "Wewe umejua tangu lini?"

Ningeweza kudanganya, nilikuwa na mazoezi. Lakini alikuwa ananitazama machoni, na nilichoka. "Tangu ulipoacha kuvaa mashati ya vifungo," nikasema.

Akaitazama fulana yake, akatingisha kichwa kama mtu aliyekumbushwa kitu kidogo alichosahau. Mikono ilikuwa ikimtetemeka waziwazi sasa, na hakuificha mfukoni. Niliishika yote miwili. Haikutulia mikononi mwangu pia, na hilo liliniumiza kuliko yote ya siku ile.

Tulipofika getini hakuelekea nyumbani. Alivua kofia akaelekea ofisini kwa msimamizi.

"Unakwenda kumwambia nini?" nikamuuliza.

"Kwamba bunduki nimempatia, iko kwa Fundi, ni ya bei nafuu na inapiga mahali pamoja," akasema. "Atafute mtu wa kuishika."

Sikumfuata. Niliingia ndani, nikasimama katikati ya chumba nikilia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kunisikia. Meza ilikuwa ya kampuni. Kitanda kilikuwa cha kampuni, na makabati, na pazia. Nikaanza kufungasha vyombo, kwa sababu vyombo vilikuwa vyetu.