Hodi Kifuani kwa Kaka Nuhu

Usiku wa jana, tena nimelala na uji tu tumboni, niliota nimeajiriwa ubawabu ndani ya pafu la kulia la kaka yangu Nuhu. Ndiye huyuhuyu Nuhu mwenye saratani ya mapafu, ninayelala naye chumba kimoja ili nimsikie akikohoa.

Aliyenikabidhi kazi ni kiti. "Sharti ni moja," kikasema. "Mgeni akipiga hodi mara tatu bila kujibiwa, anaondoka. Ukimwambia 'karibu' hata mara moja, amekuwa wa nyumbani."

"Rahisi," nikasema. Mimi na mdomo wangu.

Natazama korido. Milango kibao.

"Pafu gani hili lenye milango kama gesti?"

"Sigara miaka ishirini," kinajibu kiti. "Na mpangaji naye kila siku anabomoa ukuta."

Mpangaji ni Uvimbe. Amekaa sebuleni na singlendi, miguu juu ya meza, kajenga mpaka kwenye njia ya hewa.

"Bwana mdogo, hata salamu?"

"Sikusalimii."

"Utazoea. Mimi nishakuwa ndugu."

Nawatafuta askari weupe wa damu, walinzi wa mwili. Nakuta magwanda matupu yananing'inia kwenye misumari. Amebaki mzee mmoja, kashikilia ukuta asianguke.

"Ni ile dripu ya juzi ya kuua saratani, mwanangu. Ilikuja kumpiga huyo mpangaji, ikatupitia na sisi. Haiulizi kitambulisho. Wenzangu watarudi, wape wiki mbili."

"Na wiki hii?"

"Wiki hii ni wewe."

Papo hapo korido inakuwa benchi la kliniki. Wagonjwa wamebanana. Mmoja anapiga chafya. Chafya inasimama, inajipangusa suti. "Naitwa Corona," inasema. "Nitawasindikiza mpaka nyumbani."

Tuko pafuni tena.

"Hodi!" Sauti ya mtu aliyelelewa vizuri.

Ulimi wangu, uliofunzwa adabu na mama kwa mwiko wa ugali, unataka kuitika. Naung'ata.

"Hodi wenyewe!"

"Mtu anapiga hodi mara mbili mmenyamaza?" Uvimbe anashangaa. "Mnatuaibisha mtaani." Anavuta pumzi ili ajibu yeye. Pumzi yenyewe ni ya kaka; kuta zinasinyaa. Namrukia, namziba mdomo kwa viganja viwili. Ananing'ata. Siachii.

"Imebaki moja," anasema mzee.

Nikaamka. Kumekucha, jua liko dirishani, viganja vinaniuma.

"Hodi!"

Mlangoni ni Bi Mwanakheri, jirani aliyetupikia siku zote za hospitali. Namwona dirishani: chupa ya chai mkononi, na kikohozi chake cha tangu Jumatatu. Amekuja kumjulia hali mgonjwa. Nani amnyime karibu mtu kama huyo? Neno lilishafika kwenye meno.

Kaka Nuhu, aliyekuwa kalala fofofo, akanishika mkono bila kufumbua macho.

"Usijibu," akanong'ona. "Hiyo ni ya tatu."